Kikundi: Harusi ya Lea

[08:14] Dada Rivka: Habari za asubuhi wote. Harusi ni Jumanne ijayo na wigi la Lea, la kufunika nywele zake akishaolewa kama desturi yetu Wayahudi, bado halijaamuliwa. Lebo inasema "nywele za binadamu", basi. Zimetoka wapi? Nataka majibu kabla ya saa sita.

[08:51] Dada Rivka: Mmesoma watu 23. Kimya.

[09:30] Eli: Cha kuogopa ni India. Mwaka 2004 Rabi Elyashiv wa Jerusalem alipiga marufuku nywele za mahujaji wanaonyolewa kwenye hekalu la Kihindu la Tirupati. Brooklyn, New York, Wayahudi walichoma mawigi barabarani.

[09:32] Mjomba Asheri: Na Eli na kipara chake anawaangalia tu 😂😂

[09:33] Binti Noa: 😂😂😂

[09:35] Dada Rivka: Jamani! Eli, endelea.

[09:41] Eli: Ubishi uko hapa: nywele ndiyo sadaka yenyewe, au kunyoa ni kujishusha tu mbele ya mungu wao? Wanaoruhusu wanasema wanaonyoa ni vinyozi, tena kwenye jengo la pembeni. Elyashiv aliangalia nia ya anayenyolewa, kwamba amekuja kutoa nywele. Ikishakuwa sadaka ya sanamu, usivae, usiuze, usigawe.

[09:58] Mama Danieli: Si inatenguliwa, marufuku ikaondoka? Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inasema mwabudu sanamu akiikata sanamu yake ncha ya sikio, ya pua au ya kidole, imetenguka.

[10:03] Eli: Hiyo ni sanamu, tena ya asiye Myahudi. Ya Myahudi haitenguki. Hata hiyo ya asiye Myahudi, kuitemea mate au kuiburuta hakutoshi. Sadaka haitenguki kabisa.

[10:06] Mama Danieli: Leo mko makini. Harusi ya Danieli mhudumu asiye Myahudi alimimina divai isiyochemshwa, nayo ni marufuku kwetu, mkaniambia ninyamaze.

[10:07] Dada Rivka: Hilo tulilimaliza.

[10:07] Mama Danieli: Ulilimaliza wewe.

[11:20] Babu: Zaburi 106: "wakala dhabihu za wafu." Maiti hatenguliwi, na sadaka hiyo vivyo hivyo. Mjukuu wangu haolewi na shaka kichwani.

[11:49] Dada Rivka: Shikamoo Babu, tumesikia. Basi tununue la nywele bandia. Nani anaagiza leo?

[12:15] Eli: Au la binadamu lenye cheti cha rabi. Lebo ya "Ulaya" peke yake isiwadanganye, nywele za India hupaushwa zikatiwa rangi.

[12:16] Dada Rivka: Nani anaagiza?

[14:40] Lea: Ndiyo nashika simu sasa. Nimeshalipa nusu.

[14:40] Dada Rivka: Nusu ya lipi?