Boti au ufukweni? Na kamera gani ya kurekodi roketi Florida

msafiri_atlanta: Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nashuka Florida na vijana wangu wawili tukaone roketi ikirushwa Cape Canaveral, tumeisubiri hii safari miaka. Nina dola 900. Nilipie boti tukaangalie tukiwa baharini nirekodi na simu, au tubaki nchi kavu hela yote iende kwenye kamera? Kuna jamaa anauza kamera ya Nikon P1000 iliyotumika na mwingine ana lenzi ya Sigma 150-600, huyu anataka jibu kesho. Mnanishaurije?

lenzi_ndefu: Mkuu swali ni nusu. Roketi gani, mchana au usiku? Bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, unayo? Sigma ni lenzi tu, bila bodi haikusaidii kitu.

mama_watatu: Na vijana wana umri gani, wamewahi kupanda boti?

baharia_tampa: Mimi nakwambia achana na boti. Mwaka juzi nililipia mimi, mke wangu na watoto, tukatoka alfajiri, nikafunga tripodi kwenye sitaha nikijua nimejipanga. Kumbe injini ikiwaka mtetemo wote unapanda kwenye miguu ya tripodi mpaka kwenye lenzi, bado mawimbi, ukivuta lenzi mpaka milimita 600 upeo wa bahari unapanda na kushuka kama bembea. Dakika za mwisho walinzi wa pwani wakatuamuru turudi nyuma, tulikuwa karibu na eneo lililofungwa, nahodha akageuza boti na mimi nikajikuta upande usio wake. Roketi ikapaa, kamera ikaanza kutafuta fokasi kwenye moto, inaenda inarudi. Video ni ya dakika mbili, roketi inaonekana sekunde 11, zilizobaki ni maji na kamba za boti. Mtoto wa mwisho alitapika njia nzima. Ile siku iliniuma sana.

lenzi_ndefu: Pole sana. Fokasi ungeifunga kwa mkono, usiku unaiweka kwenye nyota halafu unabandika utepe wa gundi kwenye pete ya lenzi isisogee. Hata wakubwa imewatokea, chombo cha anga cha NASA, Columbia, kilipopaa Januari 2003 moja ya kamera zilizokuwa zikikifuatilia ilikuwa nje ya fokasi, na picha hizo ndizo zilihitajika kuona povu lililobanduka kwenye tangi lilivyopiga bawa lake.

kipupwe: Lakini NASA wenyewe walitumia meli baada ya hapo, mbona mnaikataa bahari?

lenzi_ndefu: Waliweka rada kwenye zile meli zao za kuopoa maboosta (roketi za pembeni zinazoangukia baharini), kuangalia vipande vinavyodondoka. Rada sio kamera ya mkononi kaka.

baharia_tampa: Na bahari ina mambo yake, Januari 2022 roketi ya Falcon 9 ya SpaceX iliahirishwa siku nzima sababu meli ya watalii imeingia eneo lililofungwa. Roketi hiyo ilikuwa imebeba setilaiti ya Waitaliano.

mngomeni: Umetaja Waitaliano umenikumbusha nyumbani. Mimi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wao ndio walirusha roketi za Scout pale San Marco toka 1967 mpaka 1988, katikati ya bahari. Ile setilaiti ya Uhuru ilipaa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndo ikapewa jina hilo. Babu yangu alikuwa mvuvi, alituhadithia kuwa siku za kurusha dau hazitoki, watu wanajipanga ufukweni kutazama.

kipupwe: Sasa si hiyo ni baharini? Inawezekana!

mngomeni: San Marco si meli ndugu yangu, ni jukwaa, miguu yake imesimama chini kwenye sakafu ya bahari. Na kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi, darubini ya anga ya Webb ilivyorushwa Krismasi 2021 antena za Malindi zilikuwa kwenye ufuatiliaji.

msafiri_atlanta: Samahani nilikuwa kazini. Ni Falcon 9, usiku, tutakaa mji wa Titusville. Bodi nina Canon ya zamani. Vijana wana miaka 9 na 12, boti hawajawahi.

lenzi_ndefu: Muulize huyo wa Sigma ni ya maungio ya Canon au Nikon, maana haziingiliani! Halafu Titusville mpaka pedi ya kurushia roketi ya 39A ni kama kilomita 19, kwa milimita 600 roketi ya mita 70 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha. P1000 inavuta mpaka 3000 ila sensa yake (kihisi cha mwanga) ni ndogo, usiku ni chenga tupu, na ukivuta mwisho roketi inakutoka kwenye fremu hujui imeenda wapi.

mama_watatu: Waambie watoto wasiondoke moto ukipotea, kwa umbali huo mngurumo unawafikia karibu dakika nzima baadaye, unausikia kifuani. Wangu walilia kwa furaha.

msafiri_atlanta: Ya Sigma ni ya Nikon 😔 na wa P1000 hajibu meseji toka asubuhi.

kipupwe: Jetty Park, ile bustani ya ufukweni Port Canaveral, je? Nasikia wanaruhusu hema, kuna aliyelala pale na familia?