Safari ya nusu siku kisiwani: tumelipia saa tatu, tumepewa dakika 50

Wakuu, nimekaa na hasira hii siku nne nikidhani itapoa. Haijapoa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia kwamba bahari ina mambo yake.

Tulikuwa wanne: mama yangu, mimi, mdogo wangu na mtoto wake. Mama magoti yanamsumbua, ndiyo maana nikachagua safari fupi. Tangazo lilisema boti inaondoka saa 2:00 asubuhi, saa 3:00 mko kisiwani, mnatembea, mnakula samaki kwenye vibanda, saa 6:00 mnapanda kurudi. Nilimuuliza kwa mdomo wangu aliyenikatia tiketi: "Kaka, mama ni mtu mzima, boti inafunga gatini?" Akajibu, "Inafunga kabisa dada, mama hatalowa hata unyayo."

Saa 2:00 tuko ndani. Saa 2:30 tuko ndani. Nahodha yupo, injini inanguruma, vijana wao wako langoni wanaita abiria. Tuliondoka saa 3:20, na sababu ilikuwa moja tu, viti havijajaa. Mimi niliyewahi na kulipa kamili nikawekwa nimsubiri mtu ambaye hata hajaamua kama anasafiri.

Kuchelewa kule hakukula dakika 80 peke yake. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mpevu umepita juzi yake, na maji ya bamvua yakikupwa yanakupwa kweli. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hakuna siri hapo. Majedwali ya maji hutolewa kwa mwaka mzima kabla haujaanza, na hakuna nahodha asiyeyajua. Siku ile maji yalikuwa yanakupwa kabisa karibu na saa 5:00. Tungefika saa 3:00, boti ingefunga gatini. Tulifika saa 4:10, ikasimama mbali, kina hakitoshi, tukaambiwa tuteremke kwenye vihori, ile mitumbwi midogo, watu sita sita, na hivyo vihori navyo vikakwama kabla ya ufukwe.

Mama yangu alibebwa. Mwanamke wa miaka 71 kabebwa mgongoni na kijana asiyemjua, kanga imelowa mpaka kiunoni, watu wanapiga picha, naye analia kwa aibu. Hilo ndilo lisilonitoka.

Sote wanne tulikanyaga mchanga mkavu saa 4:50. Saa 5:40 wakaanza kutupigia honi, kwa sababu kurudisha watu kwa vihori nako kunataka muda wake.

Kwenye vibanda ndiko nilikoelewa dakika 50 zinamfanya nini mtu. Mwenye muda huzunguka, huuliza bei vibanda vitatu, humfunua samaki shavu aone kama matamvua ni mekundu, hubonyeza nyama aone kama inarudi, hutazama macho kama yamejaa au yamezama. Ukiwa na njaa, mtoto analia, na mtu wa boti amesimama nyuma yako anasema "chagueni, chagueni", hufanyi hata moja. Kamba wetu walipimwa ndani ya beseni, na maji humo humo, na uzito wa beseni haukutolewa. Mshale wa mizani haukuwa kwenye sifuri kabla hakijawekwa kitu. Niliuona, nikasema, nikajibiwa, "Dada yangu, hiyo ni tofauti ndogo tu." Na bei ya ubaoni, niliyoidhani ya kilo, ikageuka kuwa ya gramu 100 wakati samaki keshawekwa kwenye moto. Sasa hapo ubishane mpaka lini? Boti inapiga honi.

Sisemi wauza samaki wote ni wezi. Kibanda cha mwisho kabisa kuna bibi anauza pweza: alimwaga maji kwanza, akapima tukiona, akataja bei kabla hajashika kisu. Lakini yuko mbali na njia, na aliyetuelekeza kwenye vibanda vya mwanzo ni mtu wa boti yule yule.

Mdogo wangu alikula jodari aliyekuwa amelazwa kwenye ubao, juani, bila barafu. Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Muuguzi aliyempokea alituambia samaki wa jamii ya jodari wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na ukiipika vyovyote haitoki. Amepona, namshukuru Mungu.

Wakati wa kurudi tulikuwa wengi kuliko tulivyokwenda, kwa sababu walipakia na watu wa safari nyingine. Watoto walipakatwa. Wanaume walikaa juu ya masanduku ya maboya, na masanduku yenyewe yamefungwa kwa waya. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kwenye Ziwa Victoria kikiwa kinakaribia kabisa kisiwa cha Ukara, kimebeba watu kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya 200. Nchi kavu walikuwa wanaiona. Nilikaa nimemshika mama mkono nikiwaza hilo tu, dakika zote 50 za kuvuka.

Nimewapigia mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia nauli hairudishwi. Ya pili hawakupokea. Ya tatu wakaniahidi safari nyingine bure, kana kwamba mama atapanda tena. Ninachotaka ni nauli ya watu wanne irudi, na kwenye tangazo waandike saa ya maji kupwa kwa siku husika na kama abiria watashuka kwa vihori, ili mwenye mzazi mgonjwa aamue mwenyewe.

Kama ulikuwa kwenye boti ile Jumapili na una picha ya masanduku ya maboya yaliyofungwa, niandikie. Barua kwa mamlaka ya usafiri wa majini naipeleka wiki ijayo, na sitaki iwe neno langu peke yangu.