Mjadala: tamthilia ya Severance, sizoni ya pili, kipindi cha kwanza. Wale watatu walioondolewa mbona hakuna anayewalilia?

Wakuu, kama hujaangalia ishia hapa hapa maana nitamwaga kila kitu.

Najua kipindi chenyewe kilitoka tarehe 17 Januari 2025 na wengi wenu mshakijadili mkachoka, ila wikiendi hii nimekirudia na mdogo wangu ambaye ndo kwanza anaanza kuifuatilia, na katikati akaniuliza swali moja nikakosa jibu, tangu hapo halijanitoka. Swali nitalifikia. Kwanza niwakumbushe tulipokuwa.

Lumon ni kampuni inayompandikiza mfanyakazi kitu kwenye ubongo, akiingia kwenye lifti asubuhi anasahau kila kitu cha nyumbani, akitoka jioni anasahau kila kitu cha kazini. Kwa hiyo mwili mmoja unabeba watu wawili, mmoja wa nje mwenye nyumba na ndugu na usingizi wake, mwingine wa ndani ambaye maisha yake yote ni ofisi. Akifunga macho kwenye lifti jioni, akifungua ni asubuhi yuko kazini tena. Hajui jua. Jina lenyewe la tamthilia lina maana mbili kwa Kiingereza, kukatwa, na pia yale malipo unayopewa ukiachishwa kazi, na hiyo maana ya pili naiona haizungumzwi vya kutosha.

Sizoni ya kwanza iliisha tarehe 8 Aprili 2022, vipindi tisa tu, na mwisho wake ndo ule wa kutuacha midomo wazi. Wale wa ndani wanne tunaowafuata, Mark, Helly, Irving na Dylan, walipata njia ya kuamka wakiwa nje: Dylan kabaki peke yake kazini kashikilia swichi mbili za kuwaamsha, kwa mikono miwili kama kasulubiwa, wenzake watatu wakaamkia nje. Helly akagundua huko nje yeye ni Helena Eagan, binti wa familia yenye kampuni. Irving anagonga mlango wa Burt, yule wa kazini anayempenda. Mark anagundua kwamba Ms. Casey wa kazini ndo Gemma, mke wa yule Mark wa nje aliyeambiwa amekufa kwa ajali ya gari, anapiga kelele kwamba yuko hai, na hapo hapo picha inakatwa.

Halafu tukasubiri miaka miwili na miezi tisa.

Sasa lawama ya kwanza niliyoisikia kwa watu wengi ni hiyo hiyo, kwamba umesubiri karibu miaka mitatu halafu wanakuletea kipindi kizima ndani ya korido nyeupe, hawaonyeshi nje hata dakika moja, hujui dada yake Mark alifanya nini, hujui Burt alifungua mlango au la, hujui kule kwenye sherehe ya akina Eagan kulitokea nini baada ya Helly kushika kipaza sauti. Watu wanasema wametapeliwa. Mi hapo sikubaliani kabisa. Kumbuka kipindi kinavyoanza, lifti inafunguka Mark anatoka mbio, anakimbia korido baada ya korido anamtafuta Ms. Casey, kamera inamzunguka mpaka na wewe unapata kizunguzungu. Kwa nini anakimbia vile? Kwa sababu kwake hakuna siku iliyopita. Ile kelele aliyopiga kwa dada yake bado iko mdomoni, kapepesa jicho tu yuko lifti. Sisi ndo tuliongeza miaka, yeye hana hata sekunde. Ungemwonyesha mtazamaji mambo ya nje pale, ungempa kitu ambacho Mark wa ndani hana, na ungekuwa ushachagua upande wa yule wa nje. Kutunyima ilikuwa njia pekee ya kutuweka ndani pamoja naye. Na Milchick, msimamizi wao, anapomwambia imepita karibu miezi mitano, Mark hana kalenda, hana dirisha, anakubali kwa sababu hana cha kupimia, na sisi pia tukakubali! Kipindi cha pili ndo kinakuja kutuonyesha kwamba ile miezi mitano ilikuwa uongo. Wangetuonyesha nje mapema ule uongo usingetupata.

Kuhusu kuchelewa, nakubali miaka miwili na miezi tisa ni mingi, watu wameoa wamezaa humo katikati, na mdau akisema alisahau nusu ya stori simlaumu. Ila kuna watu wanatukana waandishi na waigizaji kwa kugoma, na hapo ndo nashindwa kuwaelewa. Waandishi wa Marekani waligoma tarehe 2 Mei 2023 mpaka mwishoni mwa Septemba, waigizaji wakaungana nao Julai mpaka Novemba, walidai malipo yao ya vipindi vinavyorushwa mtandaoni na wasije wakawekewa akili bandia ifanye kazi zao. Shutingi ya sizoni hii ilikuwa ishaanza Oktoba 2022, ikasimama. Huwezi ukalia na wafanyakazi wanne wa Lumon wanaodai kutendewa kama watu, halafu ukamtukana mfanyakazi halisi aliyeitengeneza hiyo stori kwa sababu amedai haki yake ukacheleweshewa burudani. Haiwezekani bana, chagua moja.

Ya Helly nitaipitia haraka maana ilishajulikana. Wote wanne wanaporudi wanasimuliana walichokiona nje, yeye anasema aliamkia kwenye nyumba ya kawaida isiyo na lolote, akatoka akakutana na mtunza bustani wa usiku. Irving palepale anashtuka, bustani gani inatunzwa usiku? Kuna waliosema anaficha tu kwa aibu ya kuwa Eagan, kuna waliosema huyu siyo Helly, ni Helena kaja kupeleleza, wakaonyesha hata anavyopapasa kompyuta kutafuta pa kuiwashia kama mgeni. Kipindi cha nne kikawapa ushindi hao wa pili. Mi nilikuwa upande wa aibu, nilikosea. Britt Lower anayecheza Helly alistahili ile tuzo ya Emmy ya Septemba 2025, kucheza mtu anayemwigiza mtu mwingine aliye kwenye mwili wake mwenyewe siyo mchezo, na Tramell Tillman ambaye ni Milchick naye akabeba ya kwake. Yule Milchick kapewa cheo cha bosi aliyeondolewa, anaingia ofisini kwake mpya, kompyuta inamsalimia kwa jina la Cobel. Jina la kipindi limetoka hapo. Uso wake pale utazame vizuri.

Haya, sasa swali la mdogo wangu.

Mark anapofika mezani kwake anakuta watu watatu asiowajua. Mark W., mzee kidogo, mlalamishi. Gwendolyn Y. Na Dario R., yeye anaongea Kiitaliano. Ndo timu mpya. Wale wenzake watatu hawapo na anaambiwa hawarudi. Mark hakubali, anahangaika mpaka anafika kwenye ofisi ya Milchick na kuongea moja kwa moja kwenye ile spika ya Bodi, yaani wakubwa wa kampuni, anataka wenzake warudishwe. Na wanarudishwa. Lifti inafunguka, mmoja mmoja wanatoka, Helly, Irving, Dylan, na mi mara ya kwanza nilipoangalia nilipiga makofi peke yangu sebuleni usiku, nawaambia ukweli.

Mdogo wangu hakupiga makofi. Akaniuliza, "Kaka, na wale watatu wameenda wapi?"

Nikamwambia wamefukuzwa. Akasema, "Lakini si ulisema wa ndani akifukuzwa ndo amekufa?"

Mnaona? Kwa sababu ndiyo, nilimwambia hivyo mwenyewe, sizoni yote ya kwanza inatufundisha hivyo. Yule wa nje anaenda nyumbani, anatafuta kazi nyingine, hajui hata kama kuna mtu amekufa. Wa ndani haamki tena. Gwendolyn anamuuliza Mark habari za huko nje alikoamkia, anauliza kama mtu ambaye hajawahi kupigwa na upepo na hatapigwa. Ni dakika chache tu tunamwona. Halafu hayupo, na hakuna aliyemtaja tena, hata Mark.

Na angalieni waandishi walichokifanya, siamini kama ni bahati mbaya. Kipindi hicho hicho, baadaye, Irving anaamua hawezi kuendelea kwa sababu ya Burt, anataka kuondoka asirudi. Dylan anamfuata anamzuia, anambembeleza, na sisi wote roho juu, kwa nini? Kwa sababu tunajua kuondoka kwa Irving ni kifo cha Irving. Hapo tunalijua hilo vizuri kabisa! Lakini nusu saa nyuma waliondoka watatu kwa mkupuo na tulishangilia.

Sasa hapa ndo nataka tujadiliane. Kuna watakaosema wale hawakuwa na umuhimu, ni wahusika wa kupita, waliletwa ili tucheke kidogo na tuwakumbuke wale wanne. Hiyo ndo lugha ya Bodi yenyewe. Mtu kuwa hatumjui haimaanishi hakuwa mtu. Wengine watasema Mark hakuwaua yeye, ni Lumon. Sawa, Lumon ndo wenye lifti. Ila Mark ndiye mtu pekee kwenye jengo zima anayejua kwa uchungu kabisa kufukuzwa maana yake nini, alikuwa anaweza kudai saba. Angedai wenzake waongezwe kwa hao watatu, meza zingeletwa tu, kampuni ina korido zisizo na mwisho. Hakuwaza. Na sisi hatukuwaza. Kampuni ilitengeneza hesabu ya nafasi nne na kila mtu akaikubali hesabu kama vile imeshuka mbinguni.

Niseme kwa nini imeniuma. Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi sehemu ya kupokea simu za wateja, zamu za usiku, simu zetu wenyewe tunaacha getini. Ikafika mahali ovataimu miezi mitatu hatujalipwa, tukakubaliana timu yetu nzima hatuingii. Siku ya pili tukasikia wameletwa vijana watatu wa muda kushika nafasi zetu. Nakumbuka tulivyowachukia, tuliwaita majina, hatujawahi hata kuwaona. Siku ya tano uongozi ukakubali kulipa, tukarudi kwa vigelegele, kuna mtu alileta keki. Kwenye meza yangu nilikuta kikombe cha plastiki cha kijani, kina majani ya chai yamekaukia chini, na kwa maka pen nyeusi mtu ameandika herufi mbili za jina lake ili asichanganye na vya wengine. Mtu anayeandika jina kwenye kikombe amepanga kukaa. Nilikitupa. Sikuuliza walilipwa zile siku tano au la, sikuuliza walitoka wapi, na hakuna aliyeuliza kwenye timu nzima, watu kumi na moja ambao tulikuwa tumetoka kudai haki.

Kwa hiyo mdogo wangu alipouliza "wameenda wapi", mi sikuwaza Lumon, niliwaza kile kikombe.

Simaanishi tulikosea kugoma, hela ilikuwa yetu na ningegoma tena. Na simaanishi Mark awaache wenzake, Helly na Irving na Dylan ndo familia pekee anayo. Nachosema kipindi hiki ambacho watu wanakiita cha kupoteza muda, ambacho eti hakuna kilichotokea, kuna watu watatu waliisha ndani yake na kikatupima kama tutaona. Mi sikuona. Ilibidi aone binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi hata kuajiriwa.

Yeyote anayesema tamthilia imeshuka kiwango namheshimu, kuna hoja zake nyingine nazikubali, kwa mfano ile filamu fupi ya Lumon ambayo jengo lenyewe linaongea kwa sauti ya Keanu Reeves kuwaeleza kwamba kampuni imewasikia, kuna waliosema imerefushwa. Mi naona iko sawa, ni kama zile video za uongozi baada ya mgomo, tumebadilika, tunawajali, vitafunwa vipya vipo pale. Lakini hilo ni la ladha tu, tunaweza kutofautiana.

Hili la wale watatu siyo la ladha. Naomba kila anayechangia aanze na hili: kabla ya kusoma uzi huu ulikuwa unayakumbuka majina yao? Na kama ungekuwa Mark, umesimama mbele ya ile spika na una ombi moja, ungesema nini? Mdogo wangu anasema angetaja majina sita. Mi bado nafikiria kama ningekumbuka la Dario.