Kikundi cha Ukoo wa Ujiji: mashine ya kusagia kulungu

Alhamisi usiku

Baba Zaituni (Des Moines): Assalaam aleikum ukoo. Shikamoo bibi, shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Jumamosi ya wiki ijayo msimu wa kwanza wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa huku Iowa, Marekani. Mwaka jana tulipata kulungu wawili, nyama tupu bila mfupa karibu kilo 45, na ile mashine ndogo ikatufia hata nusu hatujafika. Mwaka huu nataka tununue mashine ya umeme ya kudumu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Shangazi Mwamvua (Omaha): Waaleikum salaam, marahaba baba. Ile iliyokufa ilikuwa na gia za plastiki? Yangu ilikufa hivyohivyo. Niliifungua nikakuta meno ya gia yamelika kama sabuni.

Baba Zaituni: Ndiyo shangazi, plastiki.

Yusufu: Kaka, cheki hii nimeiona mtandaoni. Wati 3000, na bei haifiki dola 100! Ile ya zamani ilikuwa wati 800 tu.

Mjomba Rama (Kigoma): Marahabani wanangu. Yusufu, hebu niambie, soketi za huko ni volti ngapi?

Yusufu: 120 mjomba.

Mjomba Rama: Na swichi ya kukata umeme wa jikoni imeandikwa ampia ngapi?

Yusufu: Ngoja nikaangalie.

Yusufu: Nyingi ni 15. Mbili ni 20.

Mjomba Rama: Basi zidisha. 120 mara 15 ni wati 1800. Hata ukichomeka kwenye ya 20 unapata 2400. Mashine inayokula wati 3000 kweli isingeweza kufanya kazi kwenye soketi hiyo, swichi ingeruka. Kwa hiyo hiyo 3000 siyo kazi inayofanya. Ni umeme unaovutwa mota ikiwa imekwama haizunguki. Mimi kazi yangu ni kusuka mota, na mota iliyokwama ndiyo inayovuta umeme kuliko zote, na hapo haisagi hata kipande. Inatoa joto tu mpaka waya unaungua. Tafuteni iliyoandikwa nguvu za farasi za kazi. Farasi mmoja ni wati 746.

Baba Zaituni: Ahsante sana mjomba. Ninayoifikiria ni ya kampuni ya LEM, namba 12, imeandikwa farasi 0.75.

Mjomba Rama: Hiyo ni kama wati 560. Wati 560 za kweli zenye gia za chuma nazichukua mbele ya 3000 za kwenye boksi.

Yusufu: Nimeelewa mjomba. Naifuta hiyo.

Shangazi Mwamvua: Namba 12 ndiyo nini? Mimi naona 5, 8, 12, 22, 32 na sielewi.

Baba Zaituni: Ni ukubwa wa mdomo shangazi, pale inapokaa ile sahani ya matundu. Namba 8 sahani yake ina upana wa kama milimita 62, namba 12 ni 70, namba 22 ni 82, namba 32 inakaribia 100. Mdomo ukiwa mpana, nyama inapita bila kusukumwa na vipande havihitaji kukatwa vidogo sana. Namba 8 inamtosha mtu wa kulungu mmoja kwa mwaka. Namba 32 ni ya watu wenye bucha.

Yusufu: Basi si tuchukue 22 kabisa?

Mama Zaituni (Des Moines): Hapana. Mimi ndiye ninayeibeba kutoka stoo, mimi ndiye ninayeiosha. Namba 22 inataka watu wawili kuinyanyua. Na naomba sehemu zote zinazogusa nyama ziwe za stenlesi. Ile ya zamani ilikuwa ya alumini, nikaiweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo mara moja tu, ikatoka nyeusi na inapaka weusi mkononi mpaka leo. Sitaki weusi ule kwenye chakula cha watoto.

Baba Zaituni: Nimekusikia mama. Nitahakikisha na skrubu yake ya ndani ni stenlesi. Kisu na sahani vikiwa vya chuma cha kawaida vinaweza kushika kutu, lakini vikikaushwa papo hapo na kupakwa mafuta ya kula vinakaa miaka.

Mama Zaituni: Sasa nami niseme. Mwaka jana tuliisingizia mashine kila kitu, na mimi nilikuwepo. Nyama ilikuwa imekaa mezani mpaka ikapata uvuguvugu. Nyama vuguvugu haikatiki, inasetwa, inatoka kama uji. Na kano hatukuzitoa. Ule utando mweupe wa kulungu ni mgumu, ukiingia unajisokota kwenye kisu, matundu yanaziba, mota inahangaika. Mwaka huu kila anayekuja kusaidia aje na kisu kikali, tukae chini tuutoe utando wote kwanza. Kisha tukate vipande virefu kama vidole, tuvitandaze kwenye sinia, viingie friza nusu saa mpaka kingo ziwe ngumu. Na skrubu, kisu na sahani navyo viingie friza.

Shangazi Mwamvua: Hapo umenena mwanangu. Vipande virefu skrubu inavivuta yenyewe.

Baba Zaituni: Na kuna kingine. Nimerudia kuangalia picha za siku ile. Kisu tulikifunga kinyume. Upande bapa ndio unatakiwa ukae juu ya sahani, sisi tuliuelekeza ndani. Yusufu, hukuwa na kosa, mimi ndiye niliyekwambia ufunge hivyo.

Yusufu: Sawa kaka. Mimi siku zote nilijua ni mimi niliyeiharibu.

Baba Zaituni: Hapana mdogo wangu. Nisamehe.

Ijumaa asubuhi

Mwanaidi (Ujiji): Niko na bibi, amesikiliza zote nilivyomsomea. Anasema wa aleikum salaam wote. Anauliza mambo mawili. Kwanza, huyo mnyama wa risasi, mnasoma bismillahi? Pili, hamtafungwa? Huku ukikutwa na nyama ya porini bila kibali ni kesi kubwa.

Baba Zaituni: Mwambie bibi asiwe na wasiwasi. Nasoma bismillahi ndipo nafyatua, na nikimfikia bado ana uhai namchinja kwa mkono wangu. Kibali ninacho. Huku aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 lazima asome darasa la usalama wa bunduki ndipo auziwe leseni ya kuwinda, nami nilisoma. Kila kulungu ana lebo yake ya serikali, namfunga nayo palepale alipoangukia, na lazima niripoti. Nyama yenyewe hairuhusiwi kuuzwa. Ni ya kula na kugawa.

Mwanaidi: Bibi anasema alhamdulillah, sasa mle kwa amani.

Shangazi Mwamvua: Baba Zaituni, na ule ugonjwa wa kulungu? Jirani yangu hapa hali nyama hiyo kabisa.

Baba Zaituni: Upo shangazi, na ndiyo maana sisagi haraka. Ni ugonjwa wa ubongo, mnyama anakonda, anadondosha mate, anayumba mpaka anakufa. Ulionekana kwanza Colorado miaka ya 1960, na hapa Iowa kulungu wa mwituni wa kwanza kupatikana nao alikuwa wa msimu wa 2013, kaunti ya Allamakee. Haijathibitishwa binadamu yeyote kuupata, lakini CDC, idara ya serikali ya huku ya kudhibiti magonjwa, wanashauri mnyama apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Tatizo ni kwamba kisababishi chake hakifi kwa kupikwa. Mnyama anaweza kuwa nao akiwa bado mnene na anang'aa, kwa hiyo macho hayatoshi.

Mama Zaituni: Mimi ndilo linaloniogopesha kwenye mashine. Ukisaga mmoja mgonjwa, wote wanaofuata wamepita mlemle.

Baba Zaituni: Ndiyo maana nataka tukubaliane hivi. Kulungu anakatwa kwa kisu tu, uti wa mgongo na kichwa hatuvipasui. Sampuli ya tezi za shingoni inakwenda kupimwa. Nyama inaingia friza ikiwa vipande, kila mnyama mfuko wake na namba ya lebo yake. Majibu yakirudi salama ndipo tunasaga, na hatuchanganyi wanyama wawili kwenye beseni moja.

Yusufu: Kwa hiyo hatusagi siku ileile?

Baba Zaituni: Hatusagi siku ileile. Najua mwaka jana tulisaga siku ileile na watoto wakala sambusa usiku. Nilikuwa sijui. Sitarudia.

Shangazi Mwamvua: Sawa, hilo ni neno. Tutasubiri.

Mjomba Rama: Na vipande vya risasi? Nyama ya kusaga inavificha.

Baba Zaituni: Kweli mjomba. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota walipima nyama ya kulungu iliyosagwa ambayo wawindaji walitoa sadaka kwa maskini, wakakuta madini ya risasi ndani yake. Punje zake ni ndogo, huzioni wala huzisikii kwenye jino, na mashine inazisambaza kilo zote. Kwa watoto ni sumu ya akili. Mwaka huu nimenunua risasi za shaba tupu, na bado pale palipojeruhiwa nitakata kiganja kizima kuzunguka kidonda, nitupe.

Mama Zaituni: Ahsante baba watoto.

Shangazi Mwamvua: Mafuta mtaweka ya nini? Kulungu mkavu sana, kababu zitamomonyoka.

Mama Zaituni: Mafuta yake mwenyewe tunayatoa yote, yanaganda mdomoni kama mshumaa. Nitachukua mafuta ya ng'ombe kwa yule wa bucha ya halali, kilo moja kwa kilo tisa za nyama, ya kababu tu. Ya sambusa siweki kitu. Kwanza sahani ya matundu ya milimita 10, halafu tunarudisha kwenye ya 4.5.

Shangazi Mwamvua: Mimi na familia yangu tunachangia robo ya bei ya mashine. Mkituwekea kilo tano za sambusa nimeridhika.

Yusufu: Na mimi robo.

Baba Zaituni: Allah awazidishie. Basi nimeamua, namba 12, farasi 0.75, gia za chuma, na iwe na kitufe cha kuzungusha kinyume ili ikikwama isihangaike. Naagiza leo.

Ijumaa jioni

Mwanaidi: Bibi anauliza kama na yeye mnaweza kumletea moja kama hiyo. Mikono inamuuma kuzungusha ile ya kubana mezani.

Mjomba Rama: Mama, ya huko ni ya volti 120, huku ni 230. Ukiichomeka hapa inaungua siku hiyohiyo. Na hata ukiweka transfoma, umeme wa huku ni hezi 50 na wa kwao 60, mota haitazunguka kwa mwendo wake na itapata moto. Msitume.

Baba Zaituni: Mwanaidi, ile ya bibi ina namba imechongwa ubavuni? Angalia vizuri.

Mwanaidi: Kuna 10. Inaonekana kwa shida.

Baba Zaituni: Itoe sahani uipime kwa rula.

Mwanaidi: Sentimita 7. Bibi anasema sahani hiyo haijabadilishwa tangu babu yuko hai. Kingo za matundu yake zimelika, kisu nacho hakina makali kabisa.

Mjomba Rama: Ndicho kinachomuumiza mikono. Ni butu, siyo uzito wa mashine.

Baba Zaituni: Namba 10 na namba 12 sahani zake ni za upana mmoja. Naongeza kisu kipya na sahani mbili kwenye oda hii, ya 4.5 na ya 10. Mama Salma anasafiri kuja Kigoma mwezi ujao, atavileta kwenye begi. Mjomba, tafadhali nenda ukamfungie bibi, upande bapa wa kisu uwe kwenye sahani.

Mjomba Rama: Vikifika tu nitakwenda siku hiyohiyo.

Mwanaidi: Bibi anacheka. Anasema mpime huyo kulungu kwanza, msimsage.