Hedfoni za bei nafuu za kuzima kelele: mliotumia hapa Mwanza, tupeane uzoefu

Mpangaji Mabatini:
Wakuu, umeme umekatika, jenereta ya saluni ya jirani imewashwa, na hasira zangu za mwezi wa pili zimerudi upya. Nasoma usiku kwa ajili ya mitihani ya uhasibu na dirisha langu linatazamana na hiyo saluni. Nilijikusanya nikashuka Makoroboi kutafuta hedfoni za kuzima kelele. Kijana akanitolea boksi lenye herufi kubwa ENC, akasema ukivaa hii hata mvua ya mawe husikii. Elfu 45. Akanipigia muziki palepale, besi ikanijaa kichwani, nikalipa. Usiku nikazivaa bila muziki: jenereta ileile, ngurumo ileile. Naombeni mliotumia za bei zetu hizi, laki na nusu kushuka chini, mnieleze mlijuaje kama ni zenyewe.

Nyegezi Kona:
Pole sana. Na mimi nililizwa na hiyohiyo ENC.

Fundi Pasiansi:
Pole mkuu. Hukuuziwa kitu kibovu, umeuziwa kitu kingine. ENC ni ya maiki: inamsaidia unayeongea naye kwenye simu asisikie kelele za upande wako. Masikio yako hayahusiki. Unayoitaka huandikwa ANC. Hiyo ina maiki zinazosikiliza kelele ya nje, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo, yakikutana sikioni yanafutana. Inaiweza sauti nzito inayokwenda mfululizo: jenereta, feni, injini. Mtoto akilia, watu wakibishana, honi ya bodaboda, hapo inashindwa; kinachosaidia ni sponji kubana sikio vizuri. Hata wazo lenyewe lina asili ya injini. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alianza kulifanyia hesabu mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege akitoka Zurich, na kampuni yake ikaanza kuuza hedfoni za marubani mwaka 1989.

Ukienda kupima usikubali kupigiwa muziki. Kuna feki ambazo ukibonyeza kitufe zinaongeza besi tu, unadhani kelele imeondoka. Vaa kukiwa kimya ndani yake, simama karibu na jenereta au friji kubwa la soda, washa, zima, washa tena. Usiposikia mngurumo ukishuka na kupanda, mrudishie mwenye duka.

Abiria wa Bukoba:
Fundi kasema kweli. Mimi natumia Soundcore Life Q20, nilinunua laki moja na thelathini. Basi likitoka Nyegezi mpaka tunavuka daraja la Busisi hadi Bukoba, ngurumo ya injini inabaki kwa mbali kama mtu anayekoroma chumba cha tatu. Nafika kichwa hakiniumi. Lakini siku moja nilizivaa nikiwa nimesimama nje kwenye kivuko cha Kamanga: upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kwenye maiki, fuuu fuuu sikioni, afadhali kelele ya kivuko. Ikabidi nizime ANC nibaki na muziki tu. Jambo jingine, ngozi ya zile sponji imeanza kubanduka kwa jasho kabla ya mwaka kuisha. Hiyo ihesabuni kwenye bei.

Mwl. Igoma:
Mimi zinanipa hali ya kubanwa masikio, kama niko ndani ya gari linaloshuka mlima. Nimempa mdogo wangu.

Mama Zamu:
Nimesoma hapa mikono ikitetemeka, kwa sababu hizi hedfoni nusura ziniue.

Nafanya kazi za usiku, nalala mchana. Nyuma ya chumba changu kuna mashine ya kusaga, inaanza saa mbili asubuhi haikomi mpaka jioni. Nilinunua za laki moja na kumi, ANC ya kweli kabisa, na ile mashine ilipungua nikamshukuru Mungu. Nikawa nalala nazo kila siku. Siku hiyo ekstensheni ya mpangaji wa chumba cha pili ilishika moto, mwenyewe hayupo, godoro likawaka. Watu wakatoka, wakahesabiana, mama mwenye nyumba akasema yule wa zamu yumo ndani. Wamegonga. Wameita jina langu. Wamepiga dirisha kwa mti. Mimi nimelala chali nasikia mvua. Kilichoniamsha ni mlango wangu kuanguka ndani, kijana wa kuchomelea mageti wa hapo jirani alikuwa ameung'oa kwa tindo, na moshi umeshatanda juu ya kitanda. Akanibeba na khanga moja. Nguo, vyeti, simu, vyote vilipona ila vilinuka moshi mwezi mzima. Sasa hivi nikilala nasikia mashine yote, na usingizi siupati, lakini sizivai.

Capripoint:
Dada pole, ila hapo kuna kitu hakikai sawa. Fundi amesema ANC haizuii sauti za watu. Ulikosaje kusikia watu wanaita jina lako na kupiga dirisha?

Mama Zamu:
Soma tena kaka. Nimeandika nasikia mvua. Nilikuwa nimeweka sauti ya mvua kwenye simu, juu, ili izibe yale yanayobaki. Mngurumo umeondolewa na ANC, waliokuwa wananiita wamefunikwa na mvua. Sina sababu ya kutunga moto.

Capripoint:
Nimekuelewa. Nisamehe dada yangu.

Nyegezi Kona:
Mtu ametoka kwenye moto wewe unamhoji kama uko mahakamani.

Capripoint:
Nimeshaomba radhi.

Abiria wa Bukoba:
Mama Zamu, jaribu kuzivaa ANC peke yake bila mvua, utasikia mlango.

Mwl. Igoma:
Hapana, asizivae kabisa akilala. Anunue vile visponji vya kuziba masikio, bei ndogo sana.

Fundi Pasiansi:
Visponji navyo vinaziba sauti za watu, mwalimu, pengine kuliko ANC. Kwa kulala namuunga mkono Abiria: ANC bila kitu kingine, na jirani mmoja awe na ufunguo wa akiba.

Nyegezi Kona:
Au ahame. Mashine ya kusaga haihami.

Mama Zamu:
Kodi nimelipa miezi sita. Ufunguo nimempa yule kijana wa mageti na mke wake.

Mpangaji Mabatini:
Dada, nashukuru umeandika, na mimi nilikuwa na mpango huohuo wa kulala nazo. Nitasoma nazo tu mezani. Kesho naenda duka lenye friji la soda mlangoni nikapime kama fundi alivyosema.

Dagaa Mwaloni:
Mpangaji, hizo za ENC bado unazo? Mimi nashinda mwaloni Kirumba napiga simu kwa wateja wa Shinyanga na Tabora, hawanisikii kwa kelele za soko. Nakupa elfu 25.

Mpangaji Mabatini:
Tupigiane simu ya majaribio kwanza, mimi nikiwa hapa karibu na jenereta. Ukinisikia vizuri, elfu 30.