Naomba ushauri: nimtoe McCaffrey au nimshikilie?
Wakuu, habari zenu. Niko Texas, nacheza fantasi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) na wenzangu wa kazini, msimu huu wa 2025: kila mtu ana kikosi cha wachezaji halisi, na wanachofanya uwanjani kinampa pointi. Mkimbiaji wangu, yaani anayekimbia na mpira, ni Christian McCaffrey wa timu ya San Francisco 49ers. Jana usiku mmoja kaniletea ofa: nimpe McCaffrey, anipe Amon-Ra St. Brown, mpokeaji (mdaka pasi) wa timu ya Detroit. Kwetu kila pasi inayodakwa ni pointi 1, na McCaffrey hudaka kuliko wakimbiaji wengi, ndiyo maana roho inasita. Lakini 2024 majeraha yalimwachia mechi 4 tu, na sasa ana miaka 29. Kila akiangushwa nasogelea runinga kuangalia kama ameshika goti. Mkimbiaji wangu wa pili hata mipira hapewi. Ofa inaisha kesho saa 12 jioni. Mngekuwa nyie mngefanyaje?