Uwanja wa Taifa wa Warsaw: acheni kuisingizia mvua, paa lilikuwapo!

Wakuu, kila uwanja huu ukitajwa lazima atokee mtu aseme mechi ya Poland na England ya Oktoba 16, 2012 "iliharibiwa na mvua". Mvua ilikuwa imetabiriwa. Uwanja ulikuwa na paa la kufunga na kufungua, na haukuwa umetimiza hata mwaka tangu ufunguliwe Januari 29, 2012. Mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ikaahirishwa kwa sababu sehemu ya kuchezea imegeuka bwawa chini ya paa lililoachwa wazi. Huo ni uzembe, na inaudhi kuona bado unatetewa.

Hoja ya watetezi ni kwamba mvua ilipoanza paa lisingeweza kufungwa. Kweli, na hapo ndipo uzembe ulipo. Paa la Warsaw si kama la uwanja wa Cardiff, Wales, lenye vipande viwili vikubwa vya chuma vinavyoteleza kwenye reli. Hili ni turubai la kitambaa kilichopakwa plastiki, hukunjwa na kuhifadhiwa juu ya katikati ya uwanja, kwenye mnara unaoning'inia kwa nyaya za chuma. Wakati wa kufunga, turubai huvutwa kwenye nyaya kuelekea pande zote hadi likutane na paa la kudumu la majukwaani. Ni kazi ya dakika 20 hivi, lakini haifanywi mvua ikinyesha wala joto likiwa chini ya nyuzi 5. Turubai likiwa nusu njia bado limelegea: maji hujaa kwenye mikunjo na uzito wote huelemea kitambaa, nyaya na mitambo ya kuvutia. Likishakazwa, maji hutiririka yenyewe. Kwa hiyo tone la kwanza likidondoka, umeshachelewa. Wasimamizi wa uwanja walilijua sharti hilo kuliko mtu yeyote.

Na walijua vilevile kilichoko chini ya nyasi. Pale chini kuna zege na maegesho ya magari. Nyasi huletwa zikiwa mikeka na kutandazwa kwa ajili ya tukio. Uwanja wa kawaida una kina cha mchanga, kokoto na mabomba ya kuondoa maji. Tabaka la juu ya zege halina kina hicho, likishashiba maji husimama. Mwamuzi Gianluca Rocchi alipojaribu mpira, haukudunda. Uwanja wenye msingi wa namna hiyo unahitaji paa kuliko mwingine wowote!

Baadaye chama cha soka cha Poland, FIFA na wasimamizi wa uwanja wakaanza kurushiana mpira kuhusu nani alipaswa kuamua. Maelfu ya watu walikuwa wameshakaa vitini. Huku Afrika Mashariki watu walisubiri kuanzia saa nne usiku, wakaambiwa kesho. Kesho yake ikachezwa saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, wengi wakiwa bado njiani kutoka kazini. Rooney akaifungia England, Glik akaisawazishia Poland, 1-1.

Wengine wanakumbusha kwamba Juni 8 mwaka huohuo, mechi ya ufunguzi wa Euro dhidi ya Ugiriki, paa lilifungwa na watu wakalalamikia joto na hewa nzito. Sawa, lakini mchezaji mwenye joto hunywa maji na kucheza. Kwenye bwawa hachezi mtu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtu mmoja, kwa jina, apewe mamlaka ya paa, naye asome utabiri jana yake, asubuhi ya mechi, kisha saa chache kabla ya milango kufunguliwa. Wingu la mvua likionekana, paa lifungwe pakiwa bado pakavu, timu zipende zisipende, na lisiguswe hadi filimbi ya mwisho.

Novemba 2022 ukaguzi ulipokuta hitilafu kwenye chuma cha paa hilohilo, uwanja ulifungwa mara moja na mechi ya Poland na Chile ikahamishiwa uwanja wa klabu ya Legia, hapohapo Warsaw. Hapo waliamua mapema, na sina ugomvi nao. Anayewatetea kwa ile ya 2012 anijibu: utabiri waliusoma, masharti ya paa waliyajua, walikuwa wanasubiri nini?